Mama ana presha: atibiwe kwa simu?
Dada, umeuliza kama mama yako mwenye presha anaweza kuongea na daktari kwa simu badala ya kupanda basi kila mwezi. Anaweza, ikiwa hali yake imetulia na ana kipimo nyumbani. Apime asubuhi na jioni, akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, na namba zote ziandikwe. Bila hizo daktari anabahatisha. Ataje kila dawa anayotumia, hata ya mitishamba. Najua nauli inauma, lakini kwa simu sisi matabibu hatuwezi kubonyeza miguu iliyovimba wala kusikiliza moyo, kwa hiyo kliniki asiiache kabisa. Kifua kikimbana, mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, msisubiri simu ya daktari: mkimbizeni hospitali.