Andika Namba Kabla Hujafunga Programu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Ninatengeneza fraktali kwa GIMP mwaka sasa, lakini picha zangu zinafanana na za kila mtu. Nifanyeje?" Marahaba, mdogo wangu. (Kwa asiyezijua: fraktali ni umbo la hesabu ambalo mikunjo yake huendelea kujitokeza kila unapozama ndani, na GIMP ni programu ya kuhariri picha.) Nimeamua kukujibu kwa urefu, kwa sababu ujumbe wako ulinifikia siku ileile ambayo picha yangu yenye upana wa mita 1 ilitundikwa katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Tanga, na nilipokuwa nimesimama mbele yake niliikumbuka picha nyingine ambayo haikutundikwa popote.

Picha hiyo niliitengeneza miaka sita iliyopita. Usiku huo nilifungua Fractal Explorer, iliyomo miongoni mwa vichujio vya GIMP, nikachagua aina ya fraktali iitwayo Mandelbrot, kisha nikaendelea kuibana mipaka minne ya picha, kushoto, kulia, juu na chini, nikizama katika lile bonde la umbo hilo linaloitwa la Farasi wa Baharini, hadi nikakuta mzingo uliojikunja kama mkia wa kinyonga aliyelala. Nilifurahi mno. Niliihifadhi kama faili la JPEG lenye upana wa pikseli 1,024, yaani nukta 1,024 za picha, nikafunga kompyuta, nikalala.

Mteja aliipenda, akalipa nusu ya fedha, akataka ichapwe kwa upana wa mita moja. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo ningepaswa kuijua mapema: kwa pikseli 300 kwa inchi, pikseli 1,024 hazifikishi hata sentimita 9. Nilipoinyoosha, kingo zilivimba na kufifia kama wino ulioingia maji. Ilibidi niitengeneze upya kwa ukubwa, lakini namba za mipaka ile sikuwa nimeziandika mahali popote. Kwa siku nne nililipekua bonde lile, na kila kona ilikuwa na mkia, ila hakuna uliokuwa ule wangu. Nilirudisha fedha. Mteja hakunitafuta tena, na mpaka leo nikipita mbele ya duka lake ninageuzia uso upande wa pili.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni daftari. Fractal Explorer yenyewe ina kitufe cha kuhifadhi vipimo katika faili, nawe kitumie kila mara, lakini andika pia kwa mkono: aina ya fraktali, mipaka minne, marudio, na CX na CY, yaani zile namba mbili zinazoamua umbo la fraktali kama Julia. Ukiwa na namba hizo, picha ya pikseli 1,000 na ya pikseli 12,000 ni kazi moja, kwa kuwa programu inarudia hesabu upya badala ya kunyoosha kilichopo. Mimi hutengeneza kwa ukubwa maradufu ya ninaouhitaji, kisha ninaipunguza nusu, na zile kingo zenye meno hulainika.

Jambo la pili ni marudio. Kila pikseli hupitishwa katika hesabu fupi, namba izidishwe kwa yenyewe, iongezwe namba nyingine, irudiwe tena na tena, na rangi hutokana na idadi ya marudio kabla namba haijatoroka. Ukizama ndani sana huku umeacha marudio 50, sehemu zenye utajiri hujaa rangi moja iliyolala, kwa sababu programu imekata tamaa mapema. Panda hadi 400 au zaidi, na uwe na subira.

La tatu ndilo jibu hasa la swali lako, nalo ni rangi. Picha zenu zinafanana kwa sababu wote mnatumia mpito wa rangi uleule, yaani safu ileile ya rangi zinazobadilika taratibu, uliokuja na programu. Picha iliyoko hotelini ilipata rangi zake kutoka kwenye bati la banda la kuku la mama yangu. Nililipiga picha kwa simu asubuhi baada ya mvua, nikachukua rangi saba kwa kidonyozi, kile kifaa cha programu cha kuchukulia rangi kutoka kwenye picha: kahawia nzito pale kutu ilipotoboa bati, chungwa kuzunguka misumari, na kijivu chenye usamawati mahali ambapo kutu haijafika. Nikazipanga katika kihariri cha mpito wa rangi, nikazitia ndani ya fraktali ya aina ya Julia, na umbo lile la hesabu likaanza kunuka mvua ya nyumbani.

Mwaka juzi mwamuzi wa maonyesho fulani aliikataa kazi yangu mbele ya watu akisema kwamba kompyuta ndiyo iliyochora. Iliniuma, na bado inauma. Kompyuta haikulichagua bati lile, wala haikujua ni wapi pa kusimama ndani ya umbo lisilokwisha. Mwanahisabati Benoît Mandelbrot, aliyeyapa maumbo haya jina la fraktali mwaka 1975, alikuwa na hesabu ileile tuliyo nayo sisi. Vijana, acheni kuwaachia watu wengine wawaambie kwamba hamkufanya kazi. Fanyeni kazi inayoonekana, na ushahidi wake muwe nao mkononi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukurasa wa kwanza wa daftari lako uandike hivi: Julia, CX -0.8, CY 0.156, marudio 300. Namba hizo ni za watu wote. Ukurasa wa pili ndio nitakaoomba unitumie.