Chumvi ya Bahari ya Antaktika Inakwenda Wapi?

SWALI: Mhariri, hapa Bagamoyo tunavuna chumvi: tunaingiza maji ya bahari mashambani, jua linayakausha, chumvi inabaki. Nilisikia redioni kwamba bahari ya Antaktika imepungua chumvi kwa miaka mingi. Chumvi hiyo inakwenda wapi, na ni nani aliyeionja?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, chumvi yenyewe haiendi popote, kilichoongezeka ni maji matamu yanayoizimua. Wewe utalielewa jambo hili upesi, kwa sababu baridi ya Antaktika hufanya kazi ileile inayofanywa na jua shambani kwako. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo hayagandi mpaka yafikie karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Yanapoganda, barafu huchukua maji na kuacha sehemu kubwa ya chumvi, kama mvuke unavyoiacha kwako; maji yanayosalia chini yake huwa makali na mazito, yakazama hadi sakafu ya bahari na kuanza safari ndefu ya kuelekea kaskazini. Maji ya chini kabisa katika bonde la bahari lililo mbele ya pwani ya Somalia na Kenya yana asili yake huko.

Kuhusu kuionja, katika Bahari ya Ross, ambayo ni sehemu ya bahari ya Antaktika, kuna vipimo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo chupa ya chuma iliyo wazi juu na chini iliteremshwa kwa waya, kisha kipande cha chuma kizito kikaachiwa kiteleze juu ya waya huo. Kilipoigonga, chupa ilipinduka na kujifunga, na zebaki ya kipimajoto ikakatika papo hapo, hata halijoto ya kina kile ikabaki vilevile mpaka ilipopandishwa melini. Kutokana na subira ya namna hiyo tunajua kwamba, hadi mwaka 2008, kila kilo ya maji ya bahari hiyo ilipungukiwa na takriban gramu 0.03 za chumvi kwa kila miaka kumi.

Naomba usikidharau kiasi hicho. Maji yanapokaribia kuganda, uzito wake huamuliwa na chumvi zaidi kuliko joto, kwa hiyo upungufu mdogo unaoendelea kwa nusu karne hudhoofisha kule kuzama nilikokueleza. Chanzo kikuu kipo mashariki zaidi, katika Bahari ya Amundsen kwenye pwani hiyohiyo ya Antaktika, ambako maji ya kina yenye joto la nyuzi 1 hivi juu ya sifuri hupenya chini ya barafu inayoelea ya Pine Island na Thwaites, mito mikubwa ya barafu itokayo nchi kavu, na kuila kwa chini, kisha mkondo wa pwani huyasukuma maji yaliyoyeyuka kuelekea magharibi. Hata hivyo, kuanzia 2014 hivi chumvi ya Bahari ya Ross ilipanda tena, jambo linaloonyesha kwamba upepo na wingi wa barafu mpya inayoganda vina nguvu yake.

Ncha ya kaskazini ina mambo yake. Bahari ya Aktiki hupokea zaidi ya asilimia 10 ya maji ya mito yote duniani, ikiwemo Lena na Yenisei, ilhali ina takriban asilimia 1 tu ya maji ya bahari zote. Lakini kaskazini mwa Bahari ya Barents, sehemu ya Aktiki iliyo juu ya Norwe na Urusi, ambako barafu inayoletwa na mikondo imepungua, maji yamezidi joto na chumvi pia.

Siku hizi waonjaji wamo hata sili tembo wa Antaktika, wanyama wakubwa wa baharini, ambao hubandikwa kifaa kidogo kichwani. Wao huzama mamia ya mita wakitafuta chakula, hata majira ya baridi ambapo meli hazipiti, na kila waibukapo kifaa hutuma vipimo vya joto na chumvi kwa setilaiti.