Bomba kubwa, mchanga unaziba

SWALI: Mambo fundi, niko Moshi, tunavuta mchanga na maji kwa pampu ya dizeli kupeleka kwenye chujio kama mita 60 hivi. Nilitoa bomba la inchi 2 nikaweka la inchi 4 nikijua litapitisha mzigo zaidi, sasa ndo linaziba kila siku. Pampu imechoka?

JIBU: Pampu yako haina kosa ndugu yangu, bomba ndo limekuzidi. Mchanga haubebwi na wingi wa maji tu, unabebwa na spidi, maji yakipunguza spidi unatua chini unajenga kitanda mpaka njia inafunga. Chukua ndoo ya lita 20, ikijaa kwa sekunde 5 ujue kwenye inchi 2 maji yanakimbia kama mita 2 kwa sekunde, mchanga wa kawaida unaenda, ila maji hayohayo kwenye inchi 4 yanashuka mpaka nusu mita, hapo lazima bomba lizibe. Rudisha inchi 2. Usipitilize spidi pia, utakula dizeli bure na kona zitatoboka, weka kona ndefu sio elbo kali.

Halafu kabla ya kuzima toa mdomo wa bomba kwenye mchanga, pitisha maji matupu mpaka yatoke meupe kule mwisho, vijana wengi wanazima tu wanaenda kula. Kule Marekani walisukuma makaa ya mawe yaliyosagwa na maji zaidi ya kilomita 430, Arizona mpaka Nevada, kuanzia 1970 hadi 2005, na wao walisaga kwanza. Kwa hiyo kokoto zichekeche huko shimoni.