Kampeni ya zama za kati: acha ramani, anza na siku za askari

Mkuu, funga kwanza hiyo programu ya kuchorea ramani tuongee. Umesema unatengeneza gemu la mikakati, kampeni yake ni Ulaya ya zama za kati kuanzia 1066 hadi 1453, umeshachora majimbo mia nne na ushee, na umeuliza mambo matatu: uongeze majimbo mangapi, kuzingira ngome kuchukue zamu ngapi, na ndoa za kifalme ziingieje. Sawa. Lakini kule chini kabisa ukapitisha kasentensi kamoja, kwamba chakula na muda wa jeshi kukaa vitani utaviweka mwishoni mchezo ukishasimama. Hapo ndipo nilipoacha kila kitu nikaja kuandika, maana hiyo "mwishoni" ndiyo iliyozika mradi wetu.

Kwenye gemu letu jeshi lilikuwa namba moja tu iliyobandikwa jina la ufalme. Unalipa dhahabu, namba inapanda, na ikishapanda ni yako mpaka mtu aje aipunguze kwa upanga. Watu wa kujaribu walipopewa, aliyeshika Uingereza akakusanya kila mwenye mikono kwenye rundo moja, akavuka bahari hadi Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, akawa anameza jimbo moja kila zamu, Desemba kama Julai, hakuna anayeumwa, hakuna anayedai mshahara, hakuna anayekumbuka kwamba nyumbani kuna mavuno yanamsubiri. Kompyuta upande wa Ufaransa nayo ina rundo lake. Karne nne za historia zikageuka marundo mawili yanafukuzana, na zile ngome tulizozichora kwa mapenzi yote hazina kazi, kwa sababu mtu anajifungia ngomeni akitegemea adui atachoka aondoke, na adui wetu alikuwa haondoki milele!

Tukasema basi, tuongeze chakula na muda wa utumishi juu ya kile tulichonacho. Weee! Askari akimaliza siku zake anarudi wapi, wakati msimbo haujui alitoka wapi? Tukalazimika kulipatia kila jimbo kabaila wake, yaani bwana wa ardhi anayemdaiwa mfalme askari, mavuno yake, barabara zake, moja moja, kwa mkono, na majimbo yalikuwa mengi kuliko yako. Tukaja kwa kompyuta, ambayo tulishaifundisha kwamba usishambulie mpaka umekusanya watu wote. Sasa siku zina ukomo, kwa hiyo mfalme wa Ufaransa anakusanya, wa mwisho wanapofika wale wa kwanza siku zimeisha wanaondoka, anaanza kukusanya upya, anazeeka pale pale Paris hajapigana hata vita moja. Ukirekebisha hapo, mizani ya dhahabu inavunjika. Ukirekebisha dhahabu, faili za sevu za zamani hazifunguki na wajaribu wanakukimbia. Mchoraji wetu akaondoka, aliyeandika akili ya kompyuta akaondoka, na sikuwalaumu, nani anataka kufanya kazi moja mara mbili bila malipo?

Na aliyetuingiza huko namkumbuka vizuri. Alikuwa mshauri, keshatengeneza gemu la vita vya vifaru, anaongea kwa uhakika mpaka unaona aibu kubisha. Akatuambia mchezaji hapendi hesabu za mikate, mpe ramani kubwa apake rangi, mengine ni mapambo. Kwa vita vya vifaru labda, serikali ina jeshi lake la kudumu na bohari zake. Lakini kumpa mtu ushauri huo kwa mwaka 1066 ni kumpoteza mchana kweupe, na mpaka leo nikikuta vijana wanaurudia neno kwa neno nakasirika kweli.

Maana hebu tazama huo mwaka wako wa kuanzia. Harold, mfalme wa Uingereza, alikaa kusini mwa nchi yake majira yote ya joto na jeshi na meli akimsubiri William, mtawala wa Normandy, aje kumnyang'anya kiti. Tarehe 8 Septemba chakula kikaisha, ikabidi awaachie watu warudi makwao. Hakuna aliyempiga! Baada ya hapo ndipo Wanorwe wakashuka kaskazini, akakimbia kwenda kuwapiga Stamford Bridge, kijiji cha huko kaskazini, tarehe 25 Septemba, William akatua Pevensey, pwani ya kusini, tarehe 28 ufukwe hauna mtu, na tarehe 14 Oktoba Harold akafa Hastings. Vita iliyobadilisha Uingereza imeamuliwa na ghala tupu. Gemu lako la sasa hivi linaweza kuonyesha hilo? Haliwezi. Kwenye gemu lako Harold anasubiri pale pwani hadi Krismasi na William anazamishwa.

Au chukua 1226, mfalme Louis VIII wa Ufaransa ameuzingira mji wa Avignon. Theobald wa Champagne, mmoja wa makabaila wakubwa kabisa, akatimiza siku zake 40 alizokuwa anadaiwa kwa mujibu wa ardhi yake, akafunga mizigo akaondoka mji haujaanguka, mfalme amekasirika na hana la kumfanya pale pale. Wazee walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na jeshi la zama zile ndilo hilo, la kuazima.

Kwa hiyo sheria ni hii na siibadilishi: kabla hujachora jimbo hata moja, kila kundi la askari lijue nani kalileta, limebakiza siku ngapi, na leo linakula nini. Si jeshi zima, kila kundi. Watu wa kabaila fulani wana siku 40, mamluki wanakaa mradi dhahabu ipo, wenye mkataba wana ujira wa siku, wakati wa mfalme Edward III wa Uingereza mpiga upinde mwenye farasi alikuwa anapata peni 6. Zamu iwe wiki mbili hivi, kwa sababu ukiweka zamu ya miezi mitatu siku 40 hazionekani kabisa. Na mchezaji akitaka kuwazuia watu waliomaliza, awe na njia, ila ailipie: dhahabu, ahadi ya ardhi, au kinyongo ambacho kabaila atakikumbuka mwakani. Siasa yote ya zama za kati inaingia kwa mlango huo wenyewe, huhitaji kuitengenezea skrini tano.

Chakula nacho hesabu yake si ya kutisha. Mtu mmoja karibu kilo moja ya nafaka kwa siku, watu elfu kumi ni tani kumi kila siku, na farasi hatujawagusa. Jeshi likila kwa kupora lazima litembee, ndivyo Mwanamfalme wa Wales, mtoto wa huyo Edward III, alivyofanya 1355 kutoka Bordeaux mpaka Narbonne akichoma njia nzima, halafu akarudi. Likisimama mahali pamoja lazima liletewe.

Na hapo swali lako la ngome limejijibu, usiweke idadi ya zamu! Weka hesabu mbili zinazokimbizana, chakula cha walio ndani na siku, chakula na ugonjwa wa walio nje. Kuizingira Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, kulichukua miezi 11, Septemba 1346 hadi Agosti 1347, na Edward aliweza kwa sababu meli zilikuwa zinamletea vitu kutoka ng'ambo na alijenga mji mzima wa mbao nje ya kuta, una soko. Harfleur, bandari ya Normandy, 1415 ilianguka kwa wiki tano tu lakini kuhara damu kuliwafagia Waingereza vibaya, mfalme wao Henry V akaondoka pale na jeshi pungufu kuelekea vita ya Agincourt. Mfumo mmoja unakupa hadithi zote mbili bila kuandika tukio maalumu hata moja.

Majimbo? Hata thelathini yanatosha. Chukua kusini mwa Uingereza, Normandy na Picardy peke yake, weka makabaila kumi, duara tupu badala ya michoro, umpe mtu acheze. Akianza kuhesabu siku kabla ya kupakia watu melini, akaogopa Oktoba, akambembeleza kabaila mmoja abaki wiki mbili zaidi, hapo una kampeni na unaweza kurudi kwenye ramani. Hizo faili za majimbo mia nne usizifute, zitoe tu kwenye mradi leo hii, kabla hujamlipa mchoraji awamu nyingine.