Logi zinazorudi nyuma: namna kerneli inavyoshika mwendo wa saa

Mkuu uliyeuliza kwa nini muda kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za seva yako unarudi nyuma ilhali umeweka cron, yaani kazi inayojiendesha kwa ratiba, inayovuta saa kutoka seva ya NTP (itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao) kila baada ya saa moja: kinachourudisha nyuma ni hiyo cron yenyewe. Nimesimamia mashine za Linux kwa muda mrefu na tatizo hili nimelikuta mara nyingi. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu waliotangulia wameeleza NTP peke yake na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, wakaiacha pembeni, na kazi kubwa iko huko.

Tuanzie chini kabisa. Kompyuta hupata wakati kutoka kwenye fuwele ya kwatzi inayotetemeka, na hakuna fuwele inayotetemeka kwa kasi ile ile hasa iliyokusudiwa kiwandani. Kosa lake hupimwa kwa sehemu kwa milioni, yaani ppm. Fuwele yenye kosa la ppm 20, ambalo ni la kawaida kabisa, inaipotosha saa kwa sekunde 1.7 hivi kwa siku. Ikiwa na ppm 100 ni sekunde 8.64. Kwenye mashine yako tuseme ni ppm 50: kila saa moja inayopita saa yako inakwenda mbele kwa milisekunde 180, kisha cron inakuja na kuivuta nyuma milisekunde 180 kwa mpigo. Mistari ya logi iliyoandikwa ndani ya kipande hicho inapata muda uleule mara mbili. Saa inayofuata ni vivyo hivyo, na kesho pia, maana cron hiyo haikumbuki chochote.

Jambo la kushika ni kwamba kosa la fuwele moja halibadiliki sana. Mashine inayokwenda mbele kwa ppm 50 leo, kesho itakwenda mbele kwa kiasi kilekile au karibu na hapo. Kosa la namna hiyo linaweza kupimwa, likahifadhiwa, likaondolewa kabla halijazaa tofauti yoyote. Ndiyo maana kerneli inashughulika na mwendo wa saa kuliko inavyoshughulika na saa ngapi.

Mwendo huo inaushikaje? Kwenye prosesa za x86 kuna kaunta iitwayo TSC inayopanda bila kukoma. Kaunta haijui sekunde wala tarehe. Inajua namba tu. Kerneli inasoma namba hiyo, inatoa namba iliyosomwa mara ya mwisho, na tofauti inaigeuza kuwa nanosekunde. Kugawanya ni kazi nzito kwa prosesa, kwa hiyo inazidisha kwa namba iitwayo mult, halafu inasogeza biti kuelekea kulia kwa idadi iitwayo shift. Chukua kaunta ya GHz 3 na shift ya 24. Pigo moja ni theluthi ya nanosekunde, hivyo mult inakuwa 16,777,216 gawanya kwa 3, yaani 5,592,405 na kidogo.

Sasa tazama uzuri wake. Ukitaka saa iende taratibu kidogo, fuwele huigusi na kaunta huigusi. Unapunguza mult. Kila nanosekunde itakayohesabiwa kuanzia hapo inakuwa imeshasahihishwa, na hakuna programu itakayoona saa ikiruka. Hata hivyo mult ni namba kamili, na kuibadilisha kwa moja tu katika mfano wetu ni sawa na ppm 0.179, ambayo kwa siku inafika milisekunde 15. Hiyo ni ngazi pana mno kwa mtu anayetaka usahihi wa mikrosekunde. Kwa hiyo kerneli inaweka pembeni hesabu ya mabaki, yaani tofauti kati ya muda ambao saa ilipaswa kuwa imefikia na muda iliofikia kwa mult iliyopo, na inabadilishana kati ya mult na mult jumlisha moja ili wastani utue panapotakiwa. Nilipoisoma sehemu hiyo ya msimbo kwa mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Ni hesabu ndogo, imefanywa kwa uangalifu wa hali ya juu, na inaendelea ndani ya mashine yako hata sasa.

Kusoma saa nako kumefikiriwa vizuri. Programu zinauliza wakati mara nyingi mno kwa sekunde, na kama kila swali lingelazimika kuingia ndani ya kerneli gharama ingekuwa kubwa. Kwa hiyo Linux inaweka mult, shift na thamani za msingi kwenye ukurasa wa kumbukumbu ambao programu yenyewe inaweza kuusoma, kupitia vDSO, maktaba ndogo ambayo kerneli inaipachika ndani ya kila programu. Pembeni yake kuna namba ya mfuatano: msomaji anaisoma kabla na baada, na ikiwa imebadilika katikati anaanza upya. Hivyo hakuna anayepata mult mpya na msingi wa zamani.

Mpaka hapa kerneli inaweza kuongoza mwendo, lakini haijui iongoze kuelekea wapi. Hapo ndipo NTP inaingia, kazi ambayo David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware aliianza na kuilea kwa miongo kadhaa. RFC 958 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ilitoka mwaka 1985, na toleo la nne linalotumika sasa liko kwenye RFC 5905 ya mwaka 2010. Watu wengi hawajui kwamba Mills aliandika pia RFC 1589, ya mwaka 1994, inayoeleza jinsi kerneli yenyewe inavyopaswa kupokea masahihisho hayo. Lugha ya adjtimex, mwito ambao programu hutumia kuiagiza kerneli irekebishe saa, unayoiona kwenye Linux leo inatoka huko.

NTP inapima kwa nyakati nne. Tuseme saa yako iko nyuma ya seva kwa milisekunde 50, na pakiti inachukua milisekunde 20 kila upande. Unatuma saa yako ikisoma 0. Seva inapokea saa yake ikisoma 70, inajibu kwenye 71, nawe unapokea saa yako ikisoma 41. Jumlisha 70 kutoa 0 na 71 kutoa 41, gawanya kwa mbili: 50. Safari nzima ni 41 kutoa 1, yaani 40. Umepata tofauti ya saa bila kujua pakiti ilichukua muda gani upande mmoja. Lakini hesabu hii inaamini kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Kama kwenda ni 30 na kurudi ni 10, seva inapokea kwenye 80 na kujibu 81, wewe bado unapokea kwenye 41, na jibu linatoka 60. Umekosea kwa 10, na hakuna kitu ndani ya namba hizo kitakachokuonya. Kwa hiyo seva iliyo karibu kimtandao ina thamani kuliko seva maarufu iliyo mbali: kosa hilo haliwezi kuzidi nusu ya safari, na safari fupi inalibana.

Baada ya vipimo kadhaa, programu kama ntpd au chronyd inaanza kuona mwelekeo. Haiangalii tu kwamba uko nyuma kwa milisekunde 50. Inaangalia unarudi nyuma kwa kasi gani. Kasi hiyo inaipeleka kwenye kerneli kupitia adjtimex, ambapo kizio chake ni sehemu moja ya 65,536 ya ppm. Tofauti iliyobaki inamalizwa taratibu. Ntpd inaweza kuiachia kerneli kazi hiyo, na kila sekunde kerneli inachukua sehemu ndogo ya tofauti iliyobaki na kuichanganya kwenye mwendo. Chronyd inapiga hesabu zake yenyewe na kuiagiza kerneli mwendo tu. Mimi napendelea chronyd, hasa kwa mashine zinazozimwa na kuwashwa au zenye mtandao unaokatika, maana inashika mwendo sahihi haraka. Zote mbili zinaandika kosa la fuwele kwenye faili la drift ili mashine ikiwaka tena isianze kujifunza upya. Faili hilo usilifute.

Ni kama watu wawili wanaotembea pamoja: aliyeachwa nyuma anaongeza hatua mpaka wawe sambamba, kisha anashika mwendo wa mwenzake.

Taratibu hiyo ina mipaka. Masahihisho ya kawaida ya adjtime (mwito mwingine, wa kuivuta saa taratibu) kwenye Linux yanakwenda kwa mikrosekunde 500 kwa kila sekunde, kwa hiyo kumaliza kosa la sekunde moja kunachukua sekunde 2,000, zaidi ya nusu saa. Ndiyo sababu ntpd, kwa mipangilio yake ya kawaida, tofauti ikizidi milisekunde 128 na kuendelea hivyo, inairusha saa moja kwa moja. Na ikizidi sekunde 1,000 inakataa kabisa na kujizima, kwa kuwa kosa la ukubwa huo linahitaji binadamu alitazame. Kwa chronyd ninaruhusu kurusha saa kwenye vipimo vitatu vya mwanzo tu, kwa mstari wa makestep 1.0 3, kabla hifadhidata na huduma nyingine hazijaanza. Baada ya hapo ni kuvuta taratibu.

Kuna jambo jingine ambalo linanifanya niiheshimu sana kerneli hii. Inatunza makadirio ya kosa lake kubwa linalowezekana, na kila sekunde inayapandisha kwa mikrosekunde 500 mpaka programu ya NTP iyashushe. Ukiizima chronyd, makadirio yanapanda mpaka yafike sekunde 16, baada ya sekunde 32,000, yaani karibu saa tisa. Hapo kerneli yenyewe inainua alama ya STA_UNSYNC na kusema haina tena uhakika na saa yake. Alama hiyo pia inasimamisha ile kazi ya kunakili saa ya mfumo kwenye saa ya betri kila baada ya dakika 11 hivi. Ukiandika programu inayotegemea muda sahihi, soma alama hiyo kabla ya kuamini tarehe.

Niseme pia kuhusu joto, kwa sababu hapa nina niliyoyaona. Kwenye chumba kimoja cha seva mitambo ya kupoza ilisimama usiku, na asubuhi grafu za mwendo wa saa za mashine zote zilikuwa zimepinda pamoja, kabla mtu hajasoma kipimajoto. Fuwele inabadilika na joto, na mashine iliyolemewa na kazi inapata joto. Kosa nililosema halibadiliki sana linabadilika kiasi hicho, na ndiyo maana programu ya NTP haiachi kupima hata ikishajifunza.

Kuhusu sekunde ya nyongeza, ile inayoongezwa kwenye saa rasmi ili isiachane na mzunguko wa dunia: ile ya tarehe 30 Juni 2012 iliangusha seva nyingi za Linux. Saa ilirudishwa sekunde moja, lakini sehemu inayosimamia vipima muda haikuarifiwa, basi vipima muda vikawa vinaamka papo hapo bila kungoja na prosesa zikajaa kazi. Dawa ya muda ilikuwa kuweka upya tarehe ileile kwa amri ya date, kwa kuwa kitendo hicho kiliwaarifu wote. Ya mwisho iliongezwa mwishoni mwa 2016, na mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo na mizani uliamua utaratibu huu ubadilishwe ifikapo 2035.

Turudi kwenye seva yako. Toa hiyo cron. Weka chronyd, mpe seva nne za NTP zilizo karibu, na iache ifanye kazi siku nzima kabla ya kuihukumu. Kisha angalia chronyc tracking. Mstari wa Frequency utakuonyesha kosa la fuwele yako kwa ppm, na ukitulia ujue mashine imejifunza.

Kwenye programu zako, muda wa tukio uandike kwa CLOCK_REALTIME, yaani saa ya tarehe, lakini ukipima kitu kimechukua muda gani tumia CLOCK_MONOTONIC, saa inayokwenda mbele tu. Hiyo inafuata masahihisho ya mwendo na hairushwi kamwe. Nimeona mfumo wa malipo ukitoa muda hasi kwenye ripoti kwa sababu ulipima kwa saa ya tarehe.

Mwisho soma faili la /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource. Likisema tsc, uko vizuri. Likisema kvm-clock, uko kwenye mashine pepe na hilo ni sawa pia, ila jua kwamba mashine pepe iliyosimamishwa kisha ikaendelezwa inaweza kuamka na saa ya zamani. Likisema hpet au acpi_pm kwenye mashine ya kisasa, tafuta neno unstable kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: kerneli inailinganisha TSC na kaunta nyingine kila nusu sekunde, na ikiona zimeachana kupita kiasi inaitupa TSC na kuhamia kaunta ambayo kuisoma ni polepole zaidi. Mara nyingi chanzo huwa firmware ya zamani ya bodi, kwa hiyo anzia kuisasisha. Bandika hapa matokeo ya chronyc tracking na yaliyomo kwenye faili hilo pamoja na toleo la kerneli yako, tuangalie pamoja.