R7 au R50 kwa harusi za Moshi

Mkuu, umeuliza uchukue kamera ya Canon R50 au ujikaze ufikie R7, na kazi yako ni send-off na harusi hapa Moshi. Kama unalipwa, jikaze. R7 ina nafasi 2 za kadi za kuhifadhi picha (memory card), kila picha inaweza kuandikwa kwenye zote. R50 ina 1 tu, na kadi ikifa baada ya pete kuvishwa hakuna marudio. Betri ya R7 pia ni kubwa.

Ila hela ikiishia kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, bora R50 na lenzi ya 50mm f/1.8. Ukumbini usiku, taa hafifu, ndafu inaingia na watu wanacheza: lenzi hiyo inapitisha mwanga zaidi ya mara 10 kuliko ile ya 18-45mm inayokuja na kamera ukiizoom lenzi hiyo ya pili hadi 45mm. Na ukihamia R7 baadaye, unahama nayo.