Kocha wa timu ya bunduki chuoni anafanya nini hasa? Jibu langu kwa mliouliza kuhusu West Virginia

Mkuu uliyeanzisha uzi, nalirudia swali lako kwa ufupi ili wanaoingia sasa wasipotee. Umesoma kwamba Chuo Kikuu cha West Virginia hadi 2025 kilikuwa na mataji 20 ya taifa ya kulenga shabaha kwa bunduki, na kocha wao Jon Hammond anasifiwa kila kona. Ila wewe huoni kocha anaongeza nini: mlengaji ndiye anayelala chini, ndiye anayelenga, ndiye anayefyatua, kocha yuko nyuma kakunja mikono. Mdau mmoja akakuunga mkono kwamba ni bahati ya kupata vipaji tu, walipata walengaji nyota kama Campriani na Thrasher, basi mataji yakaja yenyewe.

Nililenga miaka minne katika klabu ya chuo kidogo kule Marekani, chuo ambacho hutakikuta popote kwenye orodha ya mabingwa. Sijawahi kufundishwa na Hammond. Lakini nimefundishwa na kocha wa bunduki, nimekaa kwenye mstari, na najua kocha yule aliniondolea nini na akaniwekea nini. Kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Tuanze na hoja ya vipaji, maana hiyo inajibika kwa miaka tu. Hammond, Mskoti aliyelenga Olimpiki za 2008 na 2012 akiwa na timu ya Uingereza, alikabidhiwa West Virginia mwaka 2006. Akachukua taji 2009, kisha matano mfululizo kuanzia 2013 hadi 2017, halafu jingine 2025. Sasa tazama. Niccolò Campriani, yule Mwitaliano aliyepata dhahabu London 2012 na dhahabu mbili Rio 2016, alimaliza masomo 2011. Ginny Thrasher aliingia chuoni vuli ya 2015. Maana yake mataji ya 2013, 2014 na 2015 hayana Campriani wala Thrasher. Mwaka 2013 nyota alikuwa Petra Zublasing, Mwitaliano mwingine, aliyebeba ubingwa wa mtu mmoja mmoja kwa bunduki zote mbili. Naye akaondoka, timu ikaendelea kushinda. Mwanafunzi anakaa miaka minne anaaga. Kwa miaka yote hiyo mitano, aliyekuwa pale pale ni kocha.

Na mfumo wa alama wenyewe haumruhusu nyota kubeba timu mgongoni. Kuna bunduki mbili. Ya kwanza ni ndogo ya risasi ya .22, unapiga 60: ishirini ukiwa umepiga goti, ishirini umelala kifudifudi, ishirini wima. Ya pili ni bunduki ya hewa, mita 10, 60 zote wima. Kila risasi ina alama 10 kwa juu, kwa hiyo kila bunduki ni 600. Wanalenga watano, zinahesabiwa alama za wanne bora kwa kila bunduki. Jumla kamili ya timu ni 4,800. Sasa nyota wako akipiga 598, na yule wa timu pinzani akapiga 595, umepata tofauti ya tatu. Tatu! Mtu wako wa nne akiyumba kwenye goti anazipoteza ndani ya dakika tano. Ndiyo maana waliokaa kwenye mchezo huu hawaulizi "mlengaji wenu bora ni nani". Wanauliza wa nne anapiga ngapi, na wa tano yuko umbali gani nyuma yake. Huyo wa nne na wa tano ndio kazi ya kocha ilipo.

Niwaeleze ilivyokuwa kwangu. Mimi nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Pale renji nilipiga vizuri, afande akanisifu mbele ya kombania, nikaondoka nikijiona najua bunduki. Nilipofika chuoni nikaona tangazo la klabu, nikaenda kwa kifua. Kocha wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mstaafu wa jeshi, mfupi, hapandishi sauti. Akanitazama nikilenga mara tatu, akaichukua boksi ya risasi akaifungia kabatini. Wiki mbili sikupiga risasi hata moja. Nilivaa lile koti gumu la turubai na ngozi, nikafunga mkanda mkononi, nikalala, nikafyatua bunduki tupu. Asubuhi saa moja, kabla ya vipindi. Nilikasirika sana. Niliona ananidharau.

Siku ya kumi hivi akaja akachuchumaa pembeni yangu. Akaniambia: lenga shabaha, ukishatulia fumba macho, vuta pumzi, toa, fumbua. Nikafumbua. Mtutu ulikuwa unatazama nje ya shabaha, kushoto. Akaniambia rudia. Nikarudia, kushoto tena. Basi akanieleza kwamba mwili wangu ulikuwa umekaa unatazama kushoto, na kila risasi niliyowahi kupiga maishani nilikuwa naivuta kwa misuli kuirudisha kulia. Misuli inachoka. Risasi ya kwanza inaweza kuwa kumi, ya arobaini haiwezi. Hakunigusa mkono. Alinishika kifundo cha mguu akasogeza goti langu kiasi cha upana wa kidole, akasema fumba tena. Nilipofumbua, mtutu ulikuwa katikati.

Mpaka leo nikikumbuka nasisimka. Nilikuwa nimepita mikono ya watu wengi walioniambia "bana pumzi, vuta taratibu", na wote walikuwa wananifundisha kidole. Yule mama aliangalia goti.

Kazi ya kocha ndiyo hiyo, mkuu, na ndiyo maana huioni kwenye video. Siku ya mashindano kazi hiyo imeshakwisha. Kumi ya bunduki ya hewa ni nukta yenye upana wa nusu milimita, ndogo kuliko kichwa cha pini. Kwa nukta ile hata mapigo ya moyo yanautikisa mtutu, unayaona kabisa kwenye tundu la kulengea. Hakuna neno la kocha litakalokusaidia sekunde hiyo kama halikuingia mwilini miezi sita nyuma. Alitulazimisha kila mmoja kuwa na daftari. Ukishafyatua, kabla hujatazama skrini, unaandika risasi imekwenda wapi kwa unavyoamini wewe. Kumi na mbili ni juu, tatu ni kulia, kama namba kwenye uso wa saa. Ndipo unatazama. Alikuwa hasomi alama zetu. Alikuwa anasoma tofauti kati ya tulichoamini na kilichotokea, na hapo ndipo alipojua nani anajidanganya.

Kazi nyingine ya kocha ni ya mezani. Kwa miaka mingi sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ziliruhusu timu ya bunduki kugawa ufadhili wa wanafunzi 3.6 tu. Sio watu 36, ni tatu nukta sita. Una walengaji wanane au tisa, unawakatia vipande: huyu nusu, huyu robo, huyu hapati kitu ila anakuja kwa sababu anakuamini. Kumpata kijana kutoka Italia au kutoka kijiji cha Pennsylvania kwa kipande cha ada, na kumbakiza mwaka wa pili akiwa bado ni mtu wa sita, kunataka mtu mwenye neno linaloshikika. Tena wanaume na wanawake wanalenga pamoja, timu moja, mstari mmoja, alama zilezile. Mwaka 2010 chuo cha TCU cha Texas, chini ya kocha Karen Monez, ilikuwa timu ya kwanza ya wanawake watupu kuchukua ubingwa huu, wakizishinda timu zenye wanaume. Nilipolisikia hilo nililifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu renji yetu ya JKT dada zetu walikuwa wanapewa zamu ya mwisho jua likishakuwa kali, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa nirudi West Virginia, maana kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yale matano mfululizo na hakuna aliyeligusa humu. Mwaka 2003 chuo kilifuta timu ya bunduki. Kilifuta michezo kadhaa kwa mpigo ili kubana bajeti, na bunduki ikiwemo, pamoja na kwamba ilikuwa na mataji 13. Mataji yale yalikuwa ya makocha wawili. Ed Etzel alichukua matano, kuanzia 1983 hadi 1989, na katikati ya kazi hiyo, mwaka 1984, akaenda Olimpiki ya Los Angeles akalenga mwenyewe akarudi na dhahabu ya kulala kifudifudi, kwa alama 599 kati ya 600. Marsha Beasley akafuata na manane, 1990 hadi 1998. Yeye ndiye aliyekuwa kocha timu ilipofutwa, na ndiye aliyekuwepo iliporudishwa 2004 baada ya watu kuipigania. Hebu fikiria kazi ya mtu aliyeshinda mara nane halafu anaanza tena kutafuta walengaji wa kujaza mstari. Taji jipya halikuja katika miaka yake ya mwisho. Aliondoka 2006 akamwachia Hammond timu iliyo hai, na miaka mitatu baadaye likaja la 2009. Tano, nane, saba: ndiyo ishirini yako hiyo. Mimi nikiambiwa nichague kocha mmoja katika hao watatu, nitamtaja Beasley, na nitabishana na yeyote.

Wapo pia waliosubiri. Harry Mullins alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Kentucky miaka ya 1980, na taji lake la kwanza lilikuja 2011. Halafu 2018, 2021, 2022, na kijana wake Will Shaner akapata dhahabu ya bunduki ya hewa Tokyo. Kuna wakati humu tunaandika "kocha afukuzwe" baada ya mechi tatu.

Kuhusu Thrasher, naomba niseme kidogo kwa sababu nilikuwepo Marekani wakati ule. Agosti 2016, siku ya kwanza kabisa ya medali kwenye Olimpiki ya Rio, medali ya kwanza kugawiwa ilikuwa bunduki ya hewa ya wanawake. Tulikuwa tumejazana chumba cha mtu, kompyuta moja. Binti wa miaka 19, ndiyo kwanza amemaliza mwaka wake wa kwanza chuoni ambapo alibeba ubingwa wa bunduki zote mbili, na nyuma yake kwenye jukwaa wakasimama Du Li na Yi Siling wa China, wote wawili mabingwa wa Olimpiki waliopita. Wenzangu walikuwa wanapiga kelele. Mimi nilikuwa natazama magoti yake, mabega, jinsi anavyoshusha bunduki pale anapoona haijatulia badala ya kulazimisha. Kushusha ndiko kugumu. Saa inakwenda, dunia inatazama, na wewe unaishusha unaanza upya. Mtu anafundishwa hilo akiwa chuoni, asubuhi, bila mtazamaji.

Na Campriani hajaishia kwenye medali zake. Alichukua wakimbizi ambao hawakuwahi kushika bunduki akawafundisha kwa ajili ya Tokyo, na mmoja wao, Luna Solomon kutoka Eritrea, akafika akalenga katika timu ya wakimbizi. Nimelitaja kwa sababu kuna mdau humu aliuliza kama mtu wa kwetu huku anaweza kuanza ukubwani. Luna alianza ukubwani.

Labda mtauliza mimi mwenyewe nilifika wapi. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa mtu wa tano kwenye bunduki ya hewa. Mashindano yetu ya kufungia msimu nilianza vibaya, nane, tisa, nane, mikono imelowa jasho. Nikageuka kumtafuta kocha. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananitazama, akafumba macho, akatoa pumzi, akafumbua. Basi. Nikaishusha bunduki kwenye stendi, nikapanga miguu upya, nikafumba macho. Nilimaliza na alama 571, mtu wetu wa nne alikuwa ameteleza akapata 568. Siku hiyo alama zangu zilihesabiwa. Tulishika nafasi ya tatu kati ya timu nne.

Daftari bado ninalo. Kama kuna mtu Dar au Arusha mwenye kibali na bunduki ya hewa ambaye anataka kuanza kwa utaratibu, aniandikie faragha, nitampigia picha zile kurasa za wiki mbili za kwanza, zile za bunduki tupu.